Mikindani, mwaka wa mkataba

Mwaka 1997 tulikaa Mikindani, bara magharibi ya kisiwa cha Mombasa, katika nyumba ya kupanga yenye vyumba viwili na ua tulioshirikiana na majirani. Chini ya mteremko kulikuwa na mikoko na mkono wa bahari unaoingia kutoka Tudor. Juu kulikuwa na Changamwe na kiwanda chake cha kusafisha mafuta, na upepo ukigeuka usiku tulilala na harufu yake. Karibu kila mtu mzima pale mtaani alilipwa na serikali au na shirika la serikali: makarani wa bandari, wafanyakazi wa reli, wauguzi, askari magereza, walimu. Sisi watoto tuliijua tarehe ya mshahara kuliko tulivyozijua sikukuu. Ikikaribia, hata mkaa ulikuwa wa kukopa. Ikifika, ua mzima ulinukia nyama na vitunguu, na watu waliokuwa wakipishana kimya wiki nzima walianza kuitana kwa majina ya utani.

Mama alikuwa mwalimu wa daraja la P1 katika shule moja ya msingi ya Changamwe. Baba alikuwa karani wa kuhesabu mizigo bandarini Kilindini. Kodi ya nyumba na wazee wetu wa Taita vilikuwa juu ya baba; chakula, karo na mengine yote yalikuwa juu ya mama. Kila mwisho wa mwezi aliketi mkekani na daftari la hesabu, lile la miraba, akaandika upande mmoja jumla iliyobaki baada ya makato, na upande wa pili waliokuwa wakimdai: duka, muuza maziwa, nauli, mkopo wa chama cha ushirika, mchango wa madawati ya shule yetu, mchango wa madawati ya shule yake. Aliandika kwa kalamu ya risasi ili aweze kufuta. Nilikua nikiamini kwamba bajeti ni kitu hicho: mtu mzima, kalamu ya risasi na kifutio, na jina la kila mtu ambaye huwezi kumkwepa.

Nchi yenyewe ilikuwa na homa mwaka ule. Mwezi wa Julai, siku ya Saba Saba, watu walikuwa wameandamana kudai katiba ibadilishwe kabla ya uchaguzi. Mwisho wa mwezi huohuo Shirika la Fedha la Kimataifa lilisimamisha mkopo wake kwa Kenya kwa sababu ya ufisadi, na jina la Goldenberg, ile kashfa ya dhahabu hewa iliyochota mabilioni ya hazina mwanzoni mwa miaka ya 1990, likawa linatajwa hata na wasukuma mikokoteni. Usiku wa Agosti 13 kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, watu wakauawa, na familia nyingi zenye asili ya bara zikavuka feri na mabegi vichwani. Shule zilipofunguliwa Septemba, darasa letu la nane lilipokea watoto waliokimbia kutoka ng'ambo ile. Tulibanana wanne wanne kwenye dawati la watu wawili. Mwalimu wetu hakuuliza kabila la mtu, na KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ulikuwa Novemba.

Katika hali hiyo ndipo chama cha walimu, KNUT, kilipotangaza mgomo wa kudai nyongeza ya mishahara.

Nataka msomaji aelewe chama kile kilikuwa nini kwa watu kama mama. Kilianzishwa mwaka 1957, nchi ikiwa bado koloni, wakati ambapo walimu waliajiriwa na wamisionari na mabaraza ya wilaya, kila mmoja kwa masharti yake. Walimu waliotangulia walipigania mwajiri mmoja kwa nchi nzima, na matunda ya vita hivyo ni Tume ya Utumishi wa Walimu, TSC, iliyoanza mwaka 1967. Mama alipopangiwa kazi mbali na kwao, mshahara wake ulimfuata. Alipojifungua, kazi yake ilimngoja. Hayo hakuyapata kwa hisani ya mtu. Kila mwezi kwenye hati yake ya mshahara kulikuwa na mstari mdogo wa ada ya chama, na nilipomuuliza kwa nini anakatwa pesa tunazozihitaji, alinijibu, "Mwanangu, huo ndio ukuta wa nyumba. Ukiubomoa upate mawe ya kuuza, mvua ikija utajifunika nini?"

Katibu mkuu wa chama alikuwa Ambrose Adeya Adongo. Sauti yake tuliijua kutoka redioni, na usiku wa kuamkia mgomo mtaa mzima uliitegea sikio Idhaa ya Taifa. Ilipoingia Oktoba, walimu zaidi ya laki mbili walibaki nje ya madarasa. Mama alivaa kama anayekwenda kazini, akatia kanga mkobani kwa ajili ya mvua, akaenda kwenye mkutano wa tawi. Mvua nazo zilikuwa zimekuja na hasira. Ulikuwa mwaka wa El Niño. Oktoba ile Mombasa ilinyeshewa kwa namna ambayo wazee walisema hawajaiona, na njia ya mteremko wetu ikageuka mto wa matope mekundu.

Nyumbani kwetu kukawa baraza. Nimesoma mengi tangu hapo kuhusu vyama vya wafanyakazi wa umma na bajeti za serikali, ya kwetu na ya nchi za mbali, na sijakutana na hoja kubwa ambayo haikusemwa uani kwetu katika siku zile.

Wa kwanza kuja alikuwa jirani yetu muuza samaki, mama wa kijana tuliyeketi naye dawati moja. Aliliweka karai lake nje ya mlango, akaingia.

"Mwalimu, shikamoo."

"Marahaba, dada. Karibu kiti."

"Sikai. Nimekuja kuuliza neno moja tu. Mwanangu ana mtihani mwezi ujao. Mimi sina mwisho wa mwezi, sina chama, samaki wakioza ni hasara yangu peke yangu. Sukari nikinunua nalipa kodi, mafuta ya taa nikinunua nalipa kodi, na kodi hiyo ndiyo mshahara wako. Sasa mimi nikagome wapi?"

Mama alinyamaza kidogo. Hakumjibu kwa wimbo wa mkutanoni. Alimwambia, "Dada, umesema kweli tupu. Wewe ndiye mwajiri wangu. Lakini mimi na wewe tuna mtu katikati, ndiye aliyeshika mfuko. Kwako anachukua, kwangu hatoi, na sisi wawili anatuacha tutazamane hivi tunavyotazamana. Mwanao mlete jioni, nitamfundisha pamoja na wangu."

Alimleta, na siku ya pili wakaja wengine sita. Mama akatufundisha hisabati uani chini ya mabati, bila senti, mgomo ukiendelea. Baadhi ya walimu wenzake waliona amevunja safu. Yeye aliona kwamba mgomo ni dhidi ya mwajiri, nao watoto si mwajiri.

Hoja ya pili aliileta mjomba, mdogo wake mama, karani katika ofisi moja ya serikali mjini. Mjomba hakuwa na chama. Chama cha watumishi wa serikali kilipigwa marufuku mwaka 1980, na hakikuruhusiwa tena hadi 2001. Kwa hiyo alikuwa mtu wa kutii barua. Alikuja Jumapili baada ya kanisa, akanywa chai, akasema alichokuwa nacho moyoni.

"Dada, nyinyi mtapewa. Mko wengi, mko kila kijiji, na ndio mnaosimamia vituo vya kupigia kura. Desemba kuna uchaguzi. Mtapewa hata kama hakuna. Kisha Januari sisi tusio na mdomo ndio tutakaolipa."

Baba, aliyekuwa mwanachama wa chama cha wafanyakazi wa bandari tangu ujana wake, alimkatiza. "Basi dai chama chenu kirudi. Usimwambie dada yako auze chake."

"Shemeji, sikatai chama. Nasema hesabu. Fungu la elimu karibu lote limekwisha kwenye mishahara. Chaki, vitabu, madawati, nani ananunua? Sisi wazazi. Ukiongeza mshahara mara mbili, hizo pesa zitatoka kwenye nini?"

Babu mzaa mama alikuwa ameketi pembeni siku hiyo, ameshuka kutoka Taita kwa matibabu ya macho. Aliwahi kuwa kuli bandarini katika ujana wake, naye alikuwapo katika mgomo mkuu wa Mombasa wa Januari 1947, wakati maelfu ya wafanyakazi wa bandari, reli, hoteli na majumbani walipoweka kazi chini kwa pamoja na kukutana kila siku kwenye uwanja wa Majengo walioupa jina Kiwanja cha Maskini. Kutokana na mgomo ule serikali ya kikoloni iliunda baraza la usuluhishi chini ya Jaji Thacker, na mishahara ikapanda. Kiongozi wao, Chege Kibachia, alikamatwa mwezi Agosti mwaka huohuo akapelekwa kuzuiliwa Kabarnet kwa miaka mingi. Babu alisikiliza mabishano yote, kisha akasema kwa utaratibu, "Mwaka ule nao walituambia pesa hazipo. Walisema bandari itakufa. Bandari hiyo hapo."

Mjomba akamjibu kwa adabu, "Baba, ile ilikuwa pesa ya Mzungu. Hii ni yetu."

Babu hakujibu tena. Nafikiri wote wawili walikuwa na haki, na ugumu wote wa jambo hili uko hapo. Mtumishi wa kampuni anapogoma, anavutana na mwenye faida. Mtumishi wa umma anapogoma, upande wa pili kuna hazina iliyojazwa na muuza samaki. Lakini hazina haijitoi yenyewe. Kuna watu wanaoamua itoke kwa nani, na mwaka 1997 kila Mkenya alijua kwamba wale wale waliokuwa wakisema pesa hazipo ndio walioiacha dhahabu hewa ilipwe.

Mgomo haukufika wiki mbili. Serikali ilikubali kuongeza mishahara ya walimu kwa asilimia 150 hadi 200, kwa awamu, katika muda wa miaka mitano, pamoja na marupurupu. Makubaliano yakachapishwa kama Tangazo la Kisheria nambari 534 la mwaka 1997. Namba ile niliijua kwa moyo kabla ya kuijua namba ya kitambulisho changu. Walimu waliimba barabarani mvuani. Mama alirudi viatu vikiwa mkononi, sketi imelowa hadi magotini, akamshika baba mabega bila kusema neno. Usiku ule alifungua ukurasa mpya wa daftari na, kwa mara ya kwanza niliyoishuhudia, aliandika kwa kalamu ya wino.

Aliandika mambo ya kawaida kabisa: shule ya sekondari ya bweni kwa ajili yangu, mabati ya nyumba ya babu, kiwanja kidogo upande wa Miritini. Mwenye duka aliyetukopesha, mzee wa Kiarabu aliyejua jina la kila mtoto, naye alisoma gazeti. "Mwalimu," alimwambia, "sasa kopa unga wa gunia, usikope wa kilo. Serikali imetia sahihi." Ahadi ya serikali ikawa rehani pale dukani. Ushirika ukaongeza mikopo, wauza viwanja wakakubali malipo ya awamu, na shule za bweni zikapokea watoto kwa karo nusu. Walimu zaidi ya laki mbili walianza kuishi juu ya mkataba ule, na nyuma yao wenye maduka, mafundi na jamaa zao wa vijijini ambao hawakuhesabiwa mahali popote.

Nilifanya mtihani wangu Novemba. Tulipiga kura Desemba 29, yaani wakubwa walipiga, na Rais Moi akashinda kwa muhula wake wa mwisho. Walimu ndio waliosimamia vituo vingi, kama mjomba alivyosema. Awamu ya kwanza ya nyongeza ililipwa. Nikaenda shule ya bweni Januari nikiwa na sanduku jipya la bati.

Kisha likatokea alilolitabiri mjomba, ingawa si kwa namna aliyolitabiri. Simeon Nyachae alichukua Wizara ya Fedha mapema 1998 na hakuficha kwamba hali ya hazina ilikuwa mbaya. Serikali ikasema haiwezi kuendelea na awamu zilizobaki. Maneno yalibadilika ghafla. Miezi michache nyuma walimu walikuwa nguzo ya taifa. Sasa wakawa watu wenye tamaa wanaotaka kuila nchi. Niliisikia hotuba moja nikiwa bwenini, sisi wavulana tumekizunguka kiredio, na mwenzangu ambaye baba yake alikuwa mfanyabiashara aliniambia bila ubaya wowote, "Kumbe ni mama zenu wanaomaliza pesa." Sikuwa na jibu. Sasa ninalo. Mkataba ule ulitiwa sahihi na serikali iliyokuwa na makatibu wa hazina, wachumi na hesabu zote mezani. Mama alikuwa na daftari la miraba tu. Kati ya hao wawili, anayejua kama pesa zipo ni yupi?

Oktoba 1998 walimu waligoma tena, wakidai walipwe walichokwisha kuahidiwa kisheria. Safari hii hapakuwa na uchaguzi mbele. Serikali iliwaacha wachoke, na mgomo ukaisha bila nyongeza. Mama alirudi darasani. Alinyooka vilevile ubaoni, lakini kiwanja cha Miritini kilimponyoka pamoja na malipo aliyokwisha kutoa, na kalamu ya risasi ikarudi kwenye daftari. Mwenye duka hakumsumbua. Alikata tu kiasi cha kukopesha, kwa kila mwalimu mtaani, na ilimbidi. Naye alikuwa anadaiwa na wenye maghala. Hivyo ndivyo ahadi iliyovunjwa Nairobi ilivyoshuka ngazi moja baada ya nyingine mpaka ikafika kwenye kibaba chetu cha unga.

Gharama kubwa zaidi, hata hivyo, iliangukia mahali ambapo hakuna aliyekuwa akitazama. Mwaka huohuo wa 1998 serikali ilisimamisha kuajiri walimu wapya, isipokuwa kuziba nafasi za waliostaafu, waliokufa na walioacha kazi. Kabla ya hapo, kijana aliyemaliza chuo cha ualimu alijua kazi inamngoja. Mama mdogo, kitinda mimba wa babu, alimaliza chuo wakati huo huo. Alikuja kukaa kwetu akiwa na cheti kwenye bahasha ya kaki, akingoja. Alingoja hadi ujana wake ukabadilika rangi. Alifundisha katika shule moja ya jirani kama mwalimu wa PTA, akilipwa na michango ya wazazi, mwezi huu kitu, mwezi ujao kuku na ahadi. Alikuwa na cheti kilekile cha mama, alifundisha watoto walewale, na mshahara wake haukufika robo ya wa dada yake.

Usiku mmoja wa likizo niliwasikia wakizungumza gizani, wanadhani nimelala.

"Dada, chama chenu kimewahi kunitaja hata mara moja?"

"Wewe si mwanachama, mdogo wangu. Mwanachama ni aliyeajiriwa."

"Ndiyo maana nauliza."

Swali hilo linanisumbua kuliko yote yaliyosemwa na mawaziri. Chama kinapigania waliomo ndani, na ni haki yake. Kimeundwa kwa ajili hiyo. Lakini serikali isiyotaka kulipa mshahara uliokubaliwa ina njia ya kimya ya kujilipa yenyewe: inafunga mlango wa kuingilia. Waliomo wanabaki na haki yao nusu, walio nje hawana hata pa kupeleka malalamiko, na darasa linajaa. Januari 2003 serikali mpya ya Rais Kibaki ilipofuta karo ya shule za msingi, wanafunzi waliongezeka kutoka takriban milioni 5.9 hadi zaidi ya milioni 7. Ilikuwa furaha ya kweli. Niliwaona watoto wakubwa wenye ndevu za kwanza wakiketi darasa la pili bila haya. Ila mlango wa kuajiri ulikuwa umefungwa miaka mitano, na mama, aliyezoea watoto arobaini, alijikuta na darasa ambalo hakuweza kulizunguka akasahihisha kila daftari kabla ya kengele kulia. Wakati huo huo vyuo vilikuwa vimetoa maelfu ya walimu waliokuwa wakiuza mitumba.

Mwaka huohuo serikali ilikubaliana na chama kumalizia nyongeza za 1997 kwa awamu nyingine. Zikalipwa pole pole, miaka mingi baada ya bei za vitu kuzipita. Lakini kuna waliokwisha kuondoka. Umri wa kustaafu ulikuwa miaka 55, na pensheni ya mwalimu ilikokotolewa kwa mshahara wake wa mwisho. Mwalimu mkuu wa zamani wa mama, aliyenifundisha mimi kusoma, alistaafu katikati ya miaka ile, akakokotolewa kwa mshahara wa zamani, kana kwamba Tangazo 534 halikuandikwa. Wastaafu wenzake wa nchi nzima walikwenda Mahakama Kuu ya Nakuru, na mwaka 2008 mahakama ikasema wana haki. Hukumu ni kitu kimoja, malipo ni kingine. Walizungushwa kwa miaka, na wengi walizikwa wakiwa bado wanadai.

Nimeyaona yakijirudia. Mwaka 2015 mahakama ya kazi iliwapa walimu nyongeza ya asilimia 50 hadi 60. Rais Uhuru Kenyatta akatangaza kwamba pesa hizo hazipo. Shule zikafungwa kwa wiki tano hivi. Na Novemba Mahakama ya Rufaa ikaifuta nyongeza yenyewe. Tulikuwa tayari na katiba mpya ya 2010, inayotaja haki ya kugoma katika kifungu cha 41, na inayoweka tume maalumu ya kusimamia mishahara ya umma. Vyombo vimeongezeka. Mabishano ni yale ya uani kwetu, neno kwa neno, isipokuwa sasa muuza samaki anaulizwa maoni yake na televisheni.

Kwa hiyo nasema ninachoamini, nikiwa mtoto wa mwalimu na mlipa kodi. Mjomba alikuwa sahihi kwamba mshahara wa umma una mwisho, na kwamba shule haiendeshwi kwa mishahara mitupu. Muuza samaki alikuwa sahihi kwamba mwenye mfuko ni yeye. Mama alikuwa sahihi kwamba bila chama angepewa kilichobaki baada ya wakubwa kushiba. Hoja zote tatu zinaweza kukaa meza moja, na meza hiyo ipo: kila Juni Waziri wa Fedha huenda Bungeni na bajeti. Mkataba wa mishahara uletwe hapo kabla ya kutiwa sahihi, mchana kweupe, ukiwa na jibu la maswali mawili: pesa zitatoka fungu gani, na nani atakayekosa zikitoka. Usitiwe sahihi usiku, miezi miwili kabla ya kura, na watu wanaojua kwamba hawatautimiza. Chama nacho kikiketi pale, kimtaje mama mdogo. Kiseme wazi ni walimu wangapi wapya kinataka waajiriwe pamoja na nyongeza za waliopo, maana nguvu ya chama ambayo haiwafikii walio mlangoni itakuja kuvunjwa kwa kuwatumia wao.

Na ukishatiwa sahihi, mkataba ni deni. Kenya hulipa madeni yake ya nje hata mwaka wa ukame. Mkopeshaji wa mbali hulipwa kwanza kwa sababu anaweza kutunyima kesho. Mwalimu hulipwa mwisho kwa sababu kesho atakuja tu. Kengele ikilia atakuwa ubaoni. Nchi inayolijua hilo na kulitumia humfundisha mtoto aliyeketi mbele ya ubao ule somo ambalo haliko kwenye mtaala: kwamba sahihi ya serikali ina uzito kwa mwenye nguvu peke yake. Mimi nililisoma somo hilo nikiwa na miaka kumi na minne, na sitaki watoto wangu walisome.